Je, Wajua Nani Anayekula Matairi ya Haibridi?

Kwa mafundi wa pancha, iwe Kinondoni au Kisumu, hukumu ilishatolewa zamani: haibridi hula matairi. Toyota Aqua hupigwa jeki, gurudumu la mbele likafunguliwa, na ndani kule, upande ambao mwenye gari haoni akiwa amesimama, mpira umekwisha mpaka waya zimetokeza. Upande wa nje meno bado marefu. Anayetoa hukumu huinyooshea betri kidole: betri ni kubwa, kubwa ni nzito, na uzito unasaga mpira.

Betri inasingiziwa. Aqua tupu ina uzito wa kama kilo 1,080. Corolla Fielder ya petroli yenye injini ya cc 1500 huizidi, na Fielder haijawahi kushtakiwa na mtu kwa kula matairi. Isitoshe, betri ya Aqua imelazwa chini ya kiti cha nyuma. Ingekuwa uzito wake ndio unaosaga, matairi ya nyuma yangetangulia kwisha. Yanayotangulia ni ya mbele.

Lakini lisemwalo lipo. Haibridi ina tabia moja ya kweli ya kuyachosha matairi ya mbele, na tabia hiyo inatoka palepale ambapo gari hili husifiwa zaidi, yaani kwenye breki.

Gari la kawaida likisimamishwa, pedi hubana diski, au viatu vya breki hubana ngoma, katika magurudumu yote manne. Mwendo hugeuka joto, joto hupotelea hewani, na mafuta yaliyonunuliwa kuleta mwendo huo yamekwenda bure. Haibridi, kwa kuwa ina mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, hukwepa hasara hiyo. Dereva akiachia mafuta au akigusa breki kwa upole, mota ya umeme iliyokuwa ikisukuma gari hugeuka jenereta. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo huwa nzito kuzungushwa. Gari hupungua kasi na umeme hurudi kwenye betri. Pedi hazijaguswa. Ndiyo maana si ajabu kukuta Prius, haibridi nyingine ya Toyota, imevuka kilomita 100,000 na pedi zake za kwanza, jambo ambalo muuzaji wa vipuri hawezi kulishangilia.

Sasa, gari lisimamishwe na pedi au lisimamishwe na mota, kazi ya mwisho ni ya tairi. Nguvu zote hupitia pale mpira unapoigusa lami, eneo ambalo kwa kila tairi halizidi sana kiganja cha mkono. Na mota ya Aqua, kama ilivyo kwa Prius nyingi, imeungana na magurudumu ya mbele tu. Breki ya pedi huwagawia kazi wanne; breki ya umeme huwatwika wawili mzigo wote, na hao wawili ndio haohao wanaovuta gari, wanaobeba injini na wanaokata kona.

Uzito wa jambo hili huonekana kwenye hesabu. Tairi linalovuta au linalosimamisha gari huteleza kidogo juu ya lami, kiasi ambacho dereva hakisikii hata akiwa na masikio ya popo. Nguvu ikiongezeka, na mtelezo nao huongezeka. Kinachokwangua mpira ni nguvu hiyo ikizidishwa na mtelezo wake, kwa hiyo ukwanguzi hukua kwa kipeo cha pili: nguvu ikiwa mara mbili, mpira unaoliwa huwa kama mara nne. Tuseme breki za kawaida za gari fulani hugawa kazi sehemu 70 mbele na 30 nyuma. 70 mara 70 ni 4,900. Mwendo uleule ukipunguzwa na mota peke yake, mbele hubeba sehemu 100, na 100 mara 100 ni 10,000. Matairi ya mbele yamelipa zaidi ya mara mbili, ya nyuma hayakulipa hata senti.

Hiyo ni kwa breki za upole. Dereva akikanyaga kwa nguvu, mfumo huziita pedi za magurudumu yote, na mgawanyo hurudi kuwa wa kawaida. Ila kwenye foleni ya Mbagala asubuhi, au ile ya Thika Road jioni, breki karibu zote ni za upole.

Kuondoka nako kuna gharama yake. Injini ya petroli inahitaji kuzunguka kwanza ndipo ipate nguvu. Mota ya umeme huwa nayo yote tangu gari limesimama. Injini ya Aqua hutoa nyutonimita 111, mota yake 169. Mota ya Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ilifika nyutonimita 400, tena kuanzia sifuri. Anayependa kuchomoka taa za barabarani zikigeuka kijani anaacha mpira wake pale kwenye mstari mweupe, kimyakimya, bila mlio wa kumwonya.

Hapa ndipo hatia ya haibridi inapokomea. Nguvu ya mota na breki ya umeme zote huelekea mbele au nyuma, sambamba na gurudumu. Zinaweza kulimaliza tairi mapema, lakini zitalimaliza upana wote, sawasawa. Hazina njia ya kula ndani zikaacha nje. Tairi lililoliwa upande mmoja linamshtaki mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi ameshika spana.

Tuanze na upepo, kwa kuwa ndio rahisi. Tairi lililoliwa mabega yote mawili lilikosa upepo. Lililoliwa katikati lilizidishiwa. Marekani, kitabu cha Prius ya kizazi cha pili kilielekeza psi 35 mbele na 33 nyuma, na wenye magari wengi waliona matairi ya kiwandani yakiisha mabega kabla ya wakati, wakaanza kujaza zaidi ya hapo. Huku kwetu balaa ni jingine: magurudumu yote hujazwa kipimo kimoja cha mazoea, au fundi husoma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kukivuka na wala si kipimo cha gari. Kipimo cha gari kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye gari lililotoka Japani kimeandikwa kwa kilopaskali na maelezo ni ya Kijapani, basi hakuna anayekiangalia. Hesabu si ngumu: kilopaskali 220 ni kama psi 32.

Kuliwa upande mmoja ni kesi ya alaimenti. Magurudumu mawili ya mbele yanatakiwa kutazama karibu sawa kabisa na mwelekeo wa gari. Likipinda moja, hata kwa nusu nyuzi tu, halitazunguka safi; litakuwa linakwenda mbele huku likiburutwa kwa ubavu. Kwa nusu nyuzi, kila kilomita moja ya safari ina karibu mita 9 za kuburutwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, tairi hilo limekokotwa kwa ubavu zaidi ya kilomita moja na nusu. Fundi hana haja ya mashine kulitambua: akipitisha mkono juu ya meno kwenda ndani kisha kurudi nje, upande mmoja utateleza na mwingine utakwaruza.

Na nani analipinda? Shimo la barabarani, tairodi iliyolegea, bushi iliyokufa. Lakini kwa haibridi hizi kuna mkosaji ambaye hatajwi vya kutosha: spesa. Aqua ina nafasi ya sentimita 14 tu kati ya tumbo lake na ardhi, na ilitengenezewa barabara zisizo na matuta kila baada ya nyumba kumi. Mwenye gari akichoka kusikia tumbo likikwaruza hulipeleka gereji, akawekewa vipande vya mpira au chuma juu ya springi, gari likanyanyuka, akafurahi. Kunyanyuka huko kumebadilisha pembe ya tairodi na ya gurudumu lenyewe. Baada ya spesa alaimenti lazima ipimwe upya, na hapo ndipo wengi huambiwa kwamba haina haja, au hupimiwa kwa kamba na jicho. Baada ya miezi michache waya zimetokeza na betri imelaumiwa.

Lawama nyingine iende kwa wanaojenga matuta usiku, bila kipimo, bila rangi, bila kibao. Tuta la namna hiyo halimpunguzii mwendo mwenye Land Cruiser; linamvunjia gari mwenye Aqua.

Kuna ukweli mwingine ambao mteja anastahili kuujua kabla hajatoa pesa. Mbele, Aqua hurekebishwa mwelekeo wa magurudumu tu. Mlalo wake, yaani gurudumu kuinamia ndani au nje, kiwanda hakikuuwekea marekebisho, labda kwa bolti maalumu ya kununua. Nyuma, magurudumu mawili yameshikwa na boriti moja ya chuma isiyo na marekebisho yoyote. Ikipinda kwa shimo, hubadilishwa au huwekewa vipande vyembamba vya chuma kwenye habu. Fundi anayedai amefanya alaimenti ya nyuma ya Aqua kwa kukaza nati aulizwe ni nati ipi.

Halafu kuna matairi yanayokuja na gari kutoka bandarini. Japani ya kaskazini ina theluji, na mwaka 1990 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzuia matairi yenye vijiti vya chuma, kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kujaza vumbi katika miji kama Sendai. Mahali pake pakashikwa na matairi ya mpira laini usiokauka kwenye baridi, yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Yametengenezwa kwa ajili ya siku ambazo joto halifiki nyuzi 7. Mnunuzi wa Mombasa au Dar huyaona yana meno marefu, karibu mapya, akajiona ana bahati. Kwenye lami ya moto ya pwani mpira huo huliwa haraka, na kwenye mvua haushiki kama tairi la kawaida. Bora liangaliwe neno hilo, na pia tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia, na tairi lililokuja nalo linaweza kuwa na umri huohuo, meno yawe marefu au mafupi.

Kwa haibridi, dawa ya kwanza ni ile ambayo wenye magari huidharau zaidi: kuhamisha matairi, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Toyota kule Marekani huelekeza ifanyike kila maili 5,000, yaani kama kilomita 8,000. Gari linalolimbikiza kazi mbele linahitaji zamu hiyo kuliko gari jingine lolote, na pesa ya pedi iliyookolewa inatosha kuilipia, pamoja na alaimenti ya mashine. Yenye mshale ubavuni yabaki upande wake.

Mpira ulioliwa, wenyewe, haukupotea. Umekuwa vumbi jeusi kando ya barabara, na mvua ikinyesha hushuka mitaroni. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa eneo la Seattle, Marekani, walieleza kilichokuwa kikiwaua samoni aina ya koho mitoni kila baada ya mvua: kemikali iitwayo 6PPD, ambayo huwekwa kwenye tairi ili lisipasuke, ikikutana na ozoni hugeuka sumu kwa samaki hao. Maji ya barabara nyingi za Dar es Salaam huishia Mto Msimbazi na kisha baharini. Tairi linaloisha kabla ya wakati ni vumbi zaidi katika maji hayo, na kuna mtu amelilipia.

Tairi lenyewe likishakufa lina kazi zake: katambuga, mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, kinga za boti gatini, bembea, ndoo za kisima, bustani za maua, kizuizi cha maegesho. Mengine yote hutupwa nyuma ya gereji, hujaa maji, na maji hayo yanampendeza sana mbu wa Aedes, anayeeneza dengue. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Halmashauri zina magari ya kukusanya taka za sokoni na kodi za kila aina ya biashara. Mahali rasmi pa kupeleka tairi bovu hapajulikani kwa wengi. Mpaka patakapojulikana, mwenye tairi bovu uani alitoboe matundu chini au alifunike kabla masika hayajaanza.