Kulalamika bila kuondoka: funzo la wapenzi wa timu ya Oakland

Katika makanisa mengi kuna mtu ambaye akisimama kikaoni, wengine wanatazamana. Anauliza fedha za bati zilikwenda wapi. Anauliza kwa nini wajane hawajatembelewa tangu mwezi uliopita. Wengine wanamwita mchochezi. Lakini Jumapili ikifika, awe ameridhika au hapana, yuko mahali pake, anaimba, na sadaka yake anaitoa. Je, huyu ni adui wa kanisa au ni mtu anayelipenda?

Ili kulijibu swali hili, twende mbali kidogo, mpaka mji wa Oakland, katika jimbo la California huko Marekani. Wapenzi wa timu moja ya besiboli huko waliishi na swali kama hilo kwa miaka: utaipendaje timu yako wakati mwenye timu mwenyewe anaonekana hana haja na wewe?

Mchezo wenye msimu mrefu

Wengi wetu tumezoea mpira wa miguu. Besiboli ni mchezo wa namna nyingine. Timu mbili za watu 9 zinapokezana. Mchezaji mmoja anarusha mpira mdogo na mgumu. Mchezaji wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vizuri anakimbia, anapita vituo vitatu, na akifaulu kurudi pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Mechi ina vipindi 9, na hakuna saa inayoimaliza.

Mambo matatu yanaeleza kwa nini wapenzi wa mchezo huu wanateseka na bado wanashikamana na timu zao.

La kwanza ni urefu wa msimu. Katika ligi kuu ya Marekani kuna timu 30, na kila moja inacheza mechi 162, tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Ni karibu kila siku. Hata timu nzuri sana inapoteza mechi 60 hivi. Kwa hiyo mpenzi wa besiboli anazoea kushindwa. Analala na huzuni, kesho yake jioni anafungua tena redio.

La pili, hakuna kushuka daraja. Katika mpira wa miguu tulivyouzoea, timu mbovu inashuka, na hofu hiyo inawalazimisha viongozi kufanya kazi. Katika besiboli ya Marekani, timu inaweza kuwa ya mwisho miaka mitatu mfululizo na kubaki palepale katika ligi kuu, ikiendelea kupata fungu lake la mapato yanayogawanywa kati ya timu zote.

La tatu, timu ni mali ya mtu. Mwenye timu anaweza kuuza wachezaji wake bora, na wenye timu wenzake wakikubali, anaweza kuihamisha timu yote kwenda mji mwingine. Mpenzi anaipa timu moyo wake, lakini kwa sheria hana lolote ndani yake.

Chanzo cha hasira

Timu hiyo inaitwa Athletics, na wengi huiita kwa kifupi A's. Ilifika Oakland mwaka 1968, ikitoka Kansas City, na kabla ya hapo ilikuwa Philadelphia. Huko Oakland ilichukua ubingwa wa ligi kuu mara nne: 1972, 1973, 1974 na 1989. Oakland ni mji wa bandari na wa wafanyakazi, ulio ng'ambo ya San Francisco yenye utajiri mkubwa zaidi. Kwa watu wake, A's ilikuwa jina lao mbele ya nchi nzima.

Tangu mwaka 2005 mwenye timu ni John Fisher, mtoto wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap. Uwanja wao, Coliseum, ulifunguliwa mwaka 1966 na ulikuwa umechakaa. Iliwahi kutokea maji machafu ya vyoo yakafurika mpaka katika vyumba vya wachezaji. Tusimwonee mtu: kwa kweli timu ilihitaji uwanja mpya. Ilijaribu Fremont, ikajaribu San Jose, kisha ikajadiliana na mji wa Oakland juu ya mahali karibu na bandari. Hakuna mpango uliofika mwisho, na kila upande uliutupia mwingine lawama.

Kilichowachoma wapenzi ni yale yaliyofanyika wakati mazungumzo yakiendelea. Mwaka 2019 timu ilishinda mechi 97. Baada ya msimu wa 2021, wachezaji bora wakaanza kupelekwa timu nyingine mmoja baada ya mwingine: Matt Olson, Matt Chapman, kisha Sean Murphy. Mwaka 2022 A's ilipoteza mechi 102. Mwaka 2023 ikapoteza 112. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo ikatangazwa kwamba timu inatafuta kiwanja Las Vegas, katika jimbo la Nevada, zaidi ya kilomita 600 kutoka Oakland.

Hapo mpenzi alinaswa katika mtego. Akibaki nyumbani kwa uchungu, viti vinakuwa vitupu, na mwenye timu anasema: mnaona, mji huu hauipendi timu. Akienda uwanjani, fedha ya tiketi yake inaingia mfukoni mwa yule anayemlalamikia. Kunyamaza ni kosa, na kwenda pia ni kosa.

Siku waliyojaa

Ndipo baadhi yao wakapata wazo. Kwa kawaida watu wakichukizwa wanasusa. Wao wakasema: tususe kwa kwenda. Tuchague siku moja, siku ya kazi, mechi isiyo na uzito wowote, tujae uwanjani, ili nchi yote ione kwamba tatizo si mapenzi ya watu.

Walichagua Jumanne, tarehe 13 Juni 2023. Msimu huo, kwa wastani, mechi za nyumbani zilikuwa zinapata watu wasiofika 11,000. Usiku ule waliingia watu 27,759. Vikundi vya wapenzi vilikuwa vimechangisha fedha na kugawa bure maelfu ya fulana za kijani, zenye neno moja kifuani lililomtaka mwenye timu aiuze. Kipindi cha tano kilipoanza, uwanja ulinyamaza. Ngoma zilikoma. Kisha wote wakapaza sauti pamoja wakimwambia auze timu. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiku ule mshindo ulisikika.

Angalieni pia kile ambacho hawakufanya. Hawakuwazomea wachezaji wao. Mapema mwezi huo timu ilikuwa imeshinda mechi 12 tu na kupoteza 50, lakini walijua kosa si la vijana waliokuwa wakicheza. Wakawashangilia kwa nguvu zote, na A's ikawashinda Tampa Bay Rays 2–1, ushindi wake wa saba mfululizo. Katika usiku mmoja, watu walewale walipiga kelele za hasira na kelele za furaha, wala hawakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Hata hivyo hawakusikilizwa. Wiki hiyohiyo jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kutoa mpaka dola milioni 380 za serikali kwa ujenzi wa uwanja wa Las Vegas. Mwezi wa Novemba wenye timu wote 30 walipiga kura kuruhusu kuhama. Hakuna hata mmoja aliyekataa.

Tarehe 26 Septemba 2024 A's ilicheza mechi yake ya mwisho Oakland. Walikuja watu 46,889. Rickey Henderson na Dave Stewart, mashujaa wa zamani waliokulia Oakland, walirusha mipira ya kufungua mechi. A's iliishinda Texas Rangers 3–2. Kisha kocha Mark Kotsay akachukua kipaza sauti, akawashukuru watu kwa niaba ya wote waliowahi kuvaa rangi hizo. Watu wazima walilia. Wengine walirudi nyumbani na udongo wa uwanja.

Njia tatu za waliobaki

Tangu mwaka 2025 timu inacheza Sacramento, katika uwanja mdogo wa watu 14,000 hivi, ikisubiri ule wa Las Vegas unaotazamiwa kufunguliwa mwaka 2028. Imeacha jina la Oakland, wala haikuchukua la Sacramento. Inaitwa Athletics tu, timu isiyo na mji.

Wapenzi wake waligawanyika. Wako walioendelea kuifuata, wakisema wanawapenda wachezaji na rangi za timu, popote itakapokuwa. Wako walioacha besiboli kabisa. Na wako walioshika njia ya tatu. Timu mpya iitwayo Ballers ilianzishwa Oakland, katika ligi ndogo, na mwaka 2024 ikaanza kucheza katika kiwanja cha zamani kilichotengenezwa upya upande wa magharibi wa mji. Wapenzi waliruhusiwa kununua hisa ndogo ndogo. Mwaka 2025 Ballers ilichukua ubingwa wa ligi yake. Ni ligi ndogo, na kombe lenyewe ni dogo. Lakini safari hii waliokuwa wakishangilia walikuwa na sehemu yao ndani ya timu.

Tusiwahukumu wa kundi lolote. Kila mmoja alikuwa akitafuta namna ya kubaki mwaminifu kwa kitu alichokipenda.

Sisi tunajifunza nini?

Kanisa si timu, na sisi tumepita katika hasara nzito kuliko kupoteza michezo. Lakini mfano huu unatusaidia kuona jambo moja: manung'uniko si ya aina moja.

Kuna manung'uniko ya Waisraeli jangwani, waliotamani kurudi Misri kwa sababu ya chakula. Hayo yalikuwa ya watu ambao moyo wao ulikuwa umeshaondoka. Na kuna malalamiko ya Daudi katika Zaburi ya 13, anayemuuliza Bwana swali lilelile mara nne mfululizo, ataachwa mpaka lini. Kuna Habakuki aliyepeleka shauri lake kwa Mungu, kisha akasimama katika zamu yake kusubiri jibu. Hao walilalamika kwa sababu walikuwa bado wanaamini. Asiyependa tena hasumbuki kuuliza; anaondoka tu, na kiti chake kinabaki kitupu.

Kwa hiyo viongozi wetu, wachungaji na wazee wa kanisa, wawe na uangalifu kabla ya kumwita mtu mchochezi. Tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na malalamiko makali: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba wanaolalamika wanaleta mgawanyiko. Waliita mkutano, wakakubali kwamba tatizo lipo, wakaliambia kusanyiko lichague watu 7 wa kulishughulikia. Na Luka anatuonyesha kwamba baada ya hapo Neno la Mungu lilizidi kuenea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka. Malalamiko yaliyosikilizwa yalizaa huduma. Huko Oakland malalamiko hayakusikilizwa, na mji ukabaki bila timu, na timu bila mji.

Tusisahau pia tofauti ambayo Bwana Yesu aliionyesha katika Yohana 10, kati ya mchungaji mwema na mtu wa mshahara ambaye kondoo si mali yake. Kanisa halina mwenye kulimiliki kati yetu. Si mali ya mchungaji, wala ya familia iliyotoa kiwanja, wala ya mfadhili wa ng'ambo. Mwenye kanisa ni mmoja, na yeye hatalihamisha kutafuta faida.

Na wewe unayelalamika, kuna neno kwako pia. Wale wa Oakland waliweza kusema juu ya mwenye timu bila kuwatukana wachezaji. Walisema hadharani, wakiwa pamoja, si kwa kunong'onezana njiani baada ya ibada. Na walijaa kwanza, ndipo wakasema. Mtu anayeshiriki kazi, anayetoa, anayewatembelea wagonjwa, sauti yake ina uzito. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na rafiki wa namna hiyo ana haki ya kukuambia kwamba umepotea njia.

Katika kikao kijacho, yule ndugu au yule mama akisimama tena kuuliza habari za bati, tusitazamane. Tumpe nafasi aseme, na katibu aandike. Kisha tumjibu kwa hesabu.