Mgeni Ana Cheti, Mwenyeji Je?

Juzi pwani ya Diani niliikusanya kanzu yangu kumpisha mbwa wa Kizungu. Mwenyewe akaniambia, "Usiogope, mzee, ana cheti." Kweli: mbwa wa ng'ambo haingii Kenya bila ya kibali cha idara ya mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa. Lakini hawa wetu wa majaani, Ukunda hata Msambweni, nani awachanja? Sisi hatuwafugi, basi hakuna awapelekaye sindanoni. Mgeni ambaye chanjo yake imekwisha muda aweza kuupata ugonjwa papa hapa.

Kuosha mara saba, moja kwa udongo, nilifundishwa chuoni ningali mdogo. Hiyo ni twahara. Jeraha ni jambo jengine: halitiwi udongo wala mafuta ya taa. Ni sabuni na maji yatiririkayo, robo saa nzima, kisha hospitali siku ile ile. Ugonjwa huu hujificha wiki, hata miezi. Dalili zikishadhihiri, dawa hakuna.

Wataalamu wasema wachanjwe mbwa saba katika kila kumi. Saba tena! Leo alfajiri nimemkuta mmoja amelala mlangoni pa chuo, na watoto wamruka wakiingia.