JIWE LA SHAMBANI LILIKUWA UJI WA MOTO

Ukilima kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jembe lako hugonga mawe. Pengine huyatupa kando na kusema, "Mawe haya yananisumbua tu." Lakini mawe hayo ndiyo mama wa udongo unaolisha migomba na kahawa yako. Leo tutaeleza yalitoka wapi, na kwa nini udongo wake tuutunze.

MLIMA ULIOJENGWA NA MOTO

Kilimanjaro ni volkano. Maana yake, ulijengwa na moto uliotoka chini ya ardhi. Una sehemu tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndiyo ya zamani kuliko zote. Ilianza kutoa moto zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote, mita 5,895.

Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Alipozidi kurudi kuomba, Kibo alikasirika, akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Wataalamu wa miamba nao wanasema kwamba moto wa Mawenzi ulizimika mapema, na wa Kibo ukaendelea. Hata leo mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka kileleni Kibo.

UJI HUO NI NINI?

Chini sana ya ardhi kuna joto kali. Mahali pengine mwamba huyeyuka, ukawa kama uji. Uji huo huitwa magma. Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kwa hiyo hupanda juu kupitia nyufa. Ikitoka nje huitwa lava. Lava nyingi huwa na joto la digrii 700 mpaka 1,200. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa digrii 100 tu! Lava ikipoa huwa jiwe. Jiwe la namna hiyo huitwa mwamba wa moto.

Ndani ya uji huo vitu viwili ni vingi kuliko vingine. Cha kwanza ni oksijeni, ile ile tunayoivuta puani. Cha pili ni silikoni. Vikishikana hufanya silika, kitu kilichomo katika mchanga wa kutengenezea vioo vya madirisha. Silika ikishikana na chuma, kalisi, potasi na vingine, tunapata madini yanayoitwa silikati. Mawe yetu ya Kilimanjaro karibu yote yamefanywa na silikati.

Silika ni kama unga ndani ya sufuria. Unga ukiwa mwingi, unapata ugali. Ukiwa kidogo, unapata uji unaomwagika upesi. Volkano ya Nyiragongo, huko Kongo, ina lava yenye silika kidogo. Mwezi wa Januari 2002 lava hiyo ilitiririka mpaka ikaingia mjini Goma.

SOMA JIWE LAKO

Chukua jiwe, ulivunje kwa nyundo. Angalia macho yasirukiwe na vipande. Sasa litazame palipovunjika.

Kama jiwe ni jeusi na chembe zake hazionekani, lava ilipoa upesi juu ya ardhi. Kama lina matundu mengi kama andazi lililoumuka, hewa ilikuwa inatoka ndani yake wakati linapoa. Mawe mengine ya Kibo ni meusi, lakini yana vipande vikubwa vyeupe. Vipande hivyo ni madini ya feldispa. Vilikua polepole magma ilipokuwa bado chini. Halafu magma ikatoka nje, na sehemu iliyobaki ikapoa haraka.

Aliyefika Mwanza ameona mawe makubwa ziwani. Yale yalipoa chini ya ardhi kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana chembe zake ni kubwa na zinaonekana kwa macho.

JIWE LINAOZA

Jiwe nalo huoza. Maji ya mvua, mizizi na majani yanayooza huila silikati kidogo kidogo. Potasi na kalisi hutoka, mmea ukavila. Mgomba hasa hupenda potasi. Mabaki huwa udongo wa mfinyanzi. Chuma hupata kutu, na ndiyo sababu udongo wetu ni mwekundu.

Lakini kazi hiyo ni ya polepole mno. Lava ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ni tofauti. Karibu haina silika; imejaa magadi na chokaa. Jiwe lake likipata unyevu hugeuka jeupe na kulika upesi. Silikati haikubali haraka hivyo. Udongo wa kimo cha kidole kimoja huchukua mamia ya miaka kutengenezwa.

Mvua moja kubwa yaweza kuuchukua siku moja. Unaingia mto Weruweru au Kikafu, unafika bwawa la Nyumba ya Mungu, na haurudi tena. Wewe hutaona mwingine ukitengenezwa, wala mjukuu wako.

TUFANYE NINI?

1. Mawe ya shambani tusiyatupe ovyo. Tuyapange kuwa kuta za kukingama mteremko.
2. Tulime kwa kukata mteremko, si kwa kuufuata.
3. Tupande majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta.
4. Tufunike udongo kwa majani ya migomba.
5. Tusilime mpaka ukingoni mwa mto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Magma na lava zina tofauti gani?
2. Kwa nini jiwe lingine lina chembe kubwa na lingine halina?
3. Katika kijiji chetu, udongo unachukuliwa na maji mahali gani? Nani ataanza kujenga ukuta wa mawe, na lini?