Anasoma, Lakini kwa Namna Ngapi?

Mkulima wa viazi na nyanya wa Mgeta, huko juu kwenye Milima ya Uluguru, akinunua pakiti ya dawa ya ukungu siku ya gulio pale Nyandira, huisoma pakiti hiyo moja kwa namna zisizopungua nne. Kwanza anaipitia harakaharaka: ni dawa ya ukungu au ya wadudu? Mkanda wa chini una rangi gani, nyekundu, njano, bluu au kijani? Hapo hajasoma hata sentensi moja. Pili anatafuta kitu kimoja tu, jina la ugonjwa uliomwingilia shambani, bakajani chelewa, na mengine yote anayaruka. Akishaliona, anapunguza mwendo na kusoma neno kwa neno: gramu ngapi kwa lita ngapi, arudie baada ya siku ngapi, asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Mwisho anapima. Muuzaji kasema vijiko vitatu kwa bomba, pakiti inasema vingine, amwamini nani?

Namna ya tatu ina hesabu ndani yake. Tuseme lebo imeandikwa gramu 2.5 kwa kila lita ya maji, na bomba lake la mgongoni linabeba lita 16. Anatakiwa kupima gramu 40, na hiyo 40 haikuandikwa popote kwenye pakiti. Lebo ikisema asubiri siku 14 kabla ya kuvuna, na mnunuzi wa nyanya ameahidi kupandisha gari wiki ijayo, hakuna mstari utakaomwambia "usipulize leo". Hilo lazima alitoe mwenyewe kwa kuunganisha alichosoma na anachokijua. Mtu anaweza kuitamka lebo nzima bila kukwama, kisha akachanganya dawa kwa kukisia.

Sasa, kati ya namna hizo nne, shule ya msingi inamfundisha mtoto ipi? Kwa sehemu kubwa inafundisha ya tano: kusimama na kusoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Mtoto asipokwama anaambiwa akae, amejua kusoma. Akikwama anarudia.

Sidharau kusoma kwa sauti. Bila kuzijua herufi na sauti zake hakuna usomaji wowote, na Tanzania ilifanya jambo la maana ilipobadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 na kuzipa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sehemu kubwa ya ratiba. Badala ya watoto kuimba majina ya herufi, "a, be, che", waanze na sauti: /b/ ukiiunganisha na /a/ unapata "ba". Walimu wa madarasa hayo wanazijua nguzo tano za kufundishia kusoma: kutambua sauti, kuhusisha sauti na herufi, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Mkoa wa Morogoro ulipata msaada zaidi ya mikoa mingi. Ulikuwa mmoja kati ya mikoa minne ya Tanzania Bara iliyoingizwa kwenye mradi wa Tusome Pamoja kuanzia 2016, pamoja na Iringa, Mtwara na Ruvuma, kisha ukafuata mradi wa Jifunze Uelewe. Yote miwili ilikuwa ya fedha za Marekani, na Marekani ikalifunga shirika lake la misaada mwaka 2025. Kazi imebaki mikononi mwa walimu na serikali, palipokuwa pake tangu mwanzo.

Katika nguzo hizo tano, tatu za mwanzo zinasikika. Ukipita dirishani unasikia kama mtoto anazimudu. Mbili za mwisho hazisikiki, na ndizo zinazosahaulika.

Kiswahili chenyewe kinachangia kutufichia hilo. Tahajia yake haina hila: irabu ni tano, silabi nyingi huishia kwa irabu, na neno hutamkwa jinsi lilivyoandikwa. Utafiti uliolinganisha lugha za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa watoto wanaojifunza kusoma kwa Kiingereza huchukua zaidi ya maradufu ya muda wanaotumia wenzao wa lugha zenye tahajia nyepesi. Mtoto wa Kiswahili yuko upande wa neema. Akishazimudu silabi anaweza kutamka neno lolote, hata lile ambalo hajawahi kulisikia. Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu neno "usanisinuru", atalisoma kama maji. Ndiyo maana masikio ya mwalimu ni kipimo kibaya cha ufahamu katika lugha yetu kuliko katika Kiingereza.

Ugumu wa Kiswahili uko kwingine. Uko kwenye "ng" na "ng'", ngoma na ng'ombe; uko kwenye "m" inayosimama peke yake katika "mtoto" na kuungana katika "mwalimu". Zaidi ya hapo uko kwenye urefu wa neno. Chukua "hawakutuonyesha". Mtoto anayelikata silabi kwa silabi, ha-wa-ku-tu-o-nye-sha, anafika mwisho akiwa amesahau alikoanzia, na hajui kama walionyesha au hawakuonyesha, wala nani alinyimwa. Dawa yake haihitaji kitabu kipya. Mwalimu aandike ubaoni "onyesha", chini yake "walionyesha", kisha "walituonyesha", kisha "hawakutuonyesha", na kila hatua aulize kilichoongezeka na maana iliyobadilika. Baada ya wiki chache mtoto ataacha kuona silabi saba, ataona vipande vinne au vitano vyenye maana. Hapo ndipo ufasaha unapoanza kusaidia ufahamu. Kwa sababu hiyohiyo, nawaomba wanaohesabu maneno kwa dakika wasilinganishe mtoto wa Morogoro na wa London. Neno letu moja ni sentensi nzima ya wenzetu.

Wataalamu wawili, Gough na Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu fupi mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha. Wamesema kuzidisha, hawakusema kujumlisha, na hapo ndipo penye uzito. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kikiwa kimejaa. Mtoto wa kijiji cha mlimani aliyelelewa na bibi anayeongea Kiluguru anaweza kumudu silabi zote na bado akakwama, kwa kuwa msamiati wa Kiswahili cha vitabuni haujamfikia. Mtoto huyo hahitaji kurudishwa kwenye "ba be bi". Anahitaji kusimuliwa, kusomewa hadithi, kuulizwa na kujibu kwa sentensi nzima, na pale inapobidi kuelezwa neno gumu kwa lugha ya nyumbani. Kumchapa kwa "kutosoma" ni kumtibu ugonjwa asionao.

Tuingie darasani. Hiki ni kifungu nilichokitunga kwa ajili ya hapa, cha aina inayoweza kuandikwa ubaoni kwa dakika tatu:

"Mama Asha alifunga mikungu miwili ya ndizi kabla jogoo hajawika. Alipofika barabarani, Fuso lilikuwa limeshaondoka. Akaitua mikungu, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuhesabu noti zilizobaki kwenye pindo la khanga."

Swali la kawaida la mazoezi ni: Mama Asha alifunga mikungu mingapi? Darasa zima litajibu, miwili. Lakini jaribu sentensi hii: "Mabwiku alizegua vidagi vitatu." Mabwiku alizegua nini? Vidagi vitatu. Umepata alama zote, na hujui Mabwiku ni nani wala kidagi ni kitu gani. Swali la kuokota jibu lina kazi yake, linafundisha kurudi kwenye matini, lakini halithibitishi kwamba mtu ameelewa.

Sasa uliza: kwa nini Mama Asha anahesabu noti? Kifungu hakisemi. Mtoto wa Kinole, anayejua ndizi zinavyoshushwa mlimani hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, ataanza kufikiri: gari limemwacha, labda akodi bodaboda, na bodaboda ni ghali zaidi, au arudi nyumbani, na ndizi ziive bila mnunuzi. Jibu si moja. Na kila jibu mwalimu alifuate na swali fupi kuliko yote: umejuaje? Hapo mtoto analazimika kuonyesha neno la kwenye kifungu, "limeshaondoka", na jambo alilolileta mwenyewe kutoka nyumbani. Mwingine akisema Mama Asha alikuwa anaiba ndizi usiku, asichekwe, aulizwe vilevile. Atatafuta ushahidi, atakuta ni haba, na atajifunza kwamba kukisia kuna mipaka.

Ona pia kwamba kifungu hiki kinampendelea mtoto wa Kinole. Mtoto wa Kariakoo angehitaji kuelezwa kwanza. Marekani ulifanyika utafiti uliochapishwa 1988 kuhusu watoto na mchezo wa besiboli: wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa kifungu kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo kabla ya kusoma habari za treni au bahari na watoto wasiowahi kuviona, dakika tano za mazungumzo na picha si kupoteza muda. Ni nusu ya somo.

Jambo jingine linalofanya kazi ni mwalimu kufikiri kwa sauti. Anasoma mstari, anasimama, anasema: "Hapa nimepotea kidogo. 'Akaitua', aliitua nini? Ngoja nirudi nyuma." Watoto wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akikwama na kurudi nyuma, wanadhani msomaji hodari hakwami. Huu ni ufundi, na kama ufundi wowote hujifunzwa kwa kumtazama fundi akiufanya.

Kusoma kimya ndiko kunakoonewa zaidi. Darasa likiwa kimya, anayepita nje hudhani mwalimu hayupo, kwa hiyo mwalimu hupendelea sauti za pamoja. Katika kuitikia kwa pamoja, watoto kumi wanasoma na waliobaki wanafuata mdomo. Dakika kumi za kimya kila siku, hata kwa kitabu kimoja kwa watoto watatu, zikifuatiwa na maswali mawili, zinamfanya kila mmoja afanye kazi mwenyewe. Kusoma kwa kutafuta nako kunafundishika kirahisi: bandika ratiba ya darasa, tangazo la mkutano wa kijiji, au ukurasa wa yaliyomo wa kitabu cha sayansi, na uliza nani wa kwanza kuona sura ya udongo inaanzia ukurasa upi. Watoto huuona kama mchezo. Kupitia juujuu kunafundishwa kwa kusoma kichwa cha habari na sentensi ya kwanza ya kila aya, kufunga kitabu, na kusema habari inahusu nini.

Kusoma kwa mapana, kwa raha na bila maswali, kunataka vitabu, na hapa hakuna ujanja. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihangaikia hadithi za Kiswahili tangu 1991, lakini kati ya rafu za mjini na shule ya mlimani kuna kipande kirefu cha njia, na masika hukifanya kirefu zaidi.

Kwa nini basi tumebaki na usomaji wa aina moja? Kinachopimwa ndicho kinachofundishwa. Watafiti wa mpango wa Uwezo, waliopita kaya kwa kaya tangu 2010, walitufumbua macho kwa kupima watoto kwa ngazi za silabi, neno na hadithi fupi, lakini kipimo chao kilikuwa cha kiwango cha darasa la pili. Kilikusudiwa kuonyesha nani hajavuka mstari wa chini. Tumekigeuza kuwa mstari wa juu. Zamani tuliwahi kupima zaidi ya hapo. Baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mtihani wa taifa wa 1975 uliwapanga wanakisomo kwa hatua, na hatua ya nne ilikuwa ya mtu anayetumia kusoma kwake: asome gazeti, afuate maelekezo, aweke kumbukumbu za mapato na matumizi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilifuata njia hiyohiyo: watu walisikiliza redio kwa vikundi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Tulikosea mengi katika kampeni zile, lakini hili la kuuliza kusoma kumezaa nini tulilipatia.

Walimu wa darasa la tatu na la nne wasisubiri mradi mwingine. Fungua zoezi la ufahamu lililomo kwenye kitabu cha kiada ulicho nacho, futa maswali mawili ya "nani" na "wapi", weka moja la "kwa nini", na kila atakayejibu umuulize: umejuaje?