Karatasi za Mtaa, Bei ya Mikono

Kama umekulia Eastlando, mikono yako ishajuana na karatasi kitambo. Njugu za ashu zinauzwanga kwa koni ya ukurasa wa kitabu ya hesabu ya mtoi flani, alama ya odijo ikiwa bado hapo na kalamu nyekundu. Nyama robo inafungwa na gazeti. Januari ikifika, kila keja kuna mtu amekaa chini na makasi akifunika vitabu za watoi na khaki, na khaki ikiisha anachukua pakiti ya unga, anaigeuza ndani nje, anaendelea. Kwa mjengo za Pipeline na Umo, mfuko wa simiti ukimwagwa kuna msee anaukung'uta vumbi anaubeba, ju anajua hiyo karatasi haichaniki ovyo. Hakuna mtu alitufunza hizi vitu darasani. Tulicheki wakubwa wakifanya, tukashika.

Ndio maana huwa inaniuma nikicheki vijana wa mtaa wametengeneza vitu kali na karatasi, mikufu, kadi, mabegi za zawadi, mabakuli, alafu kastoma anakuja, anashika, anageuza, anasema: "Si ni karatasi tu? Nipatie na finje." Hiyo sentensi ndio inaua hii wera. Sawa, karatasi ni ya bure ama karibu bure, hiyo hatubishani. Lakini chenye unalipia ni mtu amekaa chini akikata, akisokota, akipaka, akingoja ikauke, akirudia. Fundi wa nguo wa Gikomba huwezi muuliza uzi ilikuwa doo ngapi ndio umlipe hiyo tu.

Wacha tupige hesabu. Tuseme mkufu moja iko na shanga 60, na kila shanga inakula dakika 3 kukata na kusokota. Hiyo ni masaa 3, na bado hujaguza vanishi, hujatunga. Ukiiuza finje umejilipa chini ya mbao kwa saa. Hakuna wera yoyote Kanairo ya kukulipa hivyo na ukubali. Kwa hivyo mtu akikuambia ni karatasi tu, mwonyeshe shanga moja, umwambie ajaribu kusokota yake hapo hapo mbele yako. Wengi wakishajaribu bei hawaulizi tena.

Sasa hizo shanga zinatengenezwa aje? Tafuta karatasi ya kung'aa: kalenda ya mwaka jana, karatasi za ofa za supa, kava za magazeti. Kata pembetatu nyembamba ndefu, kitako sentimita 2 na nusu, urefu kama sentimita 30. Anza kusokota na ule upande mpana, kwa kijiti ya mishikaki ama spoku ya baiskeli. Mzunguko wa kwanza usiweke gamu, ju shanga itashikana na kijiti na hutaitoa. Kuanzia hapo paka gamu nyeupe ya mafundi wa mbao, kidogo tu, ukikaza vile unaenda. Hakikisha ncha inabaki katikati. Ukifika mwisho, ishike kidogo na vidole, alafu uitoe.

Kuna vitu wasee hugundua wakishachoka, na ningependa uzijue mapema. Upana wa kitako ndio unaamua shanga itakuwa ndefu aje. Urefu wa karatasi ndio unaamua unono. Ukikata mstari sawa badala ya pembetatu, unapata kamrija kamenyooka, na hako kanakaa fiti katikati ya shanga nono mbili. Alafu hii ndio kubwa: picha iko kwa karatasi haitaonekana. Chenye kitaonekana ni kingo za pande mbili na ile ncha ya mwisho. Kwa hivyo ukichagua ukurasa, wacha kuangalia katikati, angalia pembeni. Ua safi katikati ya kalenda linapotea lote, lakini ka mstari ka buluu kenye kalikuwa pembeni ndio kanageuka pete kuzunguka shanga yako.

Vanishi usiionee doo. Shanga bila vanishi, mvua moja ya Aprili inazimaliza, hata jasho la shingo linatosha. Zitunge kwa waya, uzichovye, uzianike, zikauke kabisa, alafu uzichovye tena. Na tafadhali, hiyo kazi ifanyie kwa rufu ya ploti, kwenye watu huanika nguo. Keja ya chumba moja iko na stovu, iko na mtoi amelala, na mvuke wa vanishi unashika moto haraka. Mimi hii huwa siichukulii mchezo.

Kama unafikiria shanga za karatasi ni mchezo ya watoi, cheki majirani zetu. Pale Kireka, Kampala, kuna mtaa unaitwa Acholi Quarter. Wamama wengi wa huko walitoroka vita kaskazini mwa Uganda wakafika na watoi na nguo chache. Walivunja mawe kwa timbo, na wakasokota shanga. Mwaka 2004 kuna madem wa Marekani walikutana na mama Kampala akisokota, wakaanzisha shirika inaitwa BeadforLife, na hizo shanga zikaanza kuuzwa sebuleni za watu Marekani. Karatasi yao na yetu ni moja. Wenye walifika mbali ni wenye shanga zao zilikuwa saizi moja, zimekazwa, hazifunguki. Hiyo inatoka kwa rula na kipande ya katoni yenye umekata iwe kipimo, basi. Na kuna kitu nitasema ju naiamini: tusiuze huruma. Msee akinunua mkufu yako ju anakuonea uchungu, atanunua mara moja. Akinunua ju inamkalia poa shingoni na inaenda na luku yake, atarudi na mabeshte zake.

Tukirudi kwa khaki. Tarehe 28 Agosti 2017 juala zilipigwa marufuku Kenya nzima, na faini ikawekwa kati ya milioni 2 na milioni 4, ama jela mwaka 1 hadi 4. Mtaani watu walishtuka. Muda si muda, kila duka ilikuwa inataka kitu ya kubebea, na vijana wengi wakaingia kwa kukunja mifuko za khaki. Lakini mfuko plein wa khaki mashine inaukunja haraka kukuliko na bei ya chini, kwa hivyo hiyo vita usiingie. Ingia kwa begi ya zawadi. Chukua ile karatasi ya simiti, ikung'ute nje ukiwa umefunika mdomo na pua, ju vumbi ya simiti inachoma ngozi na mapafu. Tumia zile tabaka za ndani zenye ni safi. Kunja ukingo wa juu mara mbili ndio mashimo ya kamba yasichanike, weka kipande ya katoni chini ndio ibebe uzito, bandika kiraka ya kitenge kutoka kwa fundi jirani. Hiyo begi hakuna mashine ya Industrial Area inashindana nayo.

Alafu kuna mabakuli na maski za gazeti na uji. Uji yenyewe ni unga ya ngano, kikombe moja kwa vikombe vinne vya maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo ndio isifanye madonge, alafu upike hadi iwe nzito. Weka chumvi, inachelewesha ukungu. Gazeti usikate na makasi, lichane na mkono, ju ukingo wa kuchanika unalala vizuri na hauachi mstari. Paka bakuli ya nyumba Arimis kwa nje, ndio kazi yako itoke bila kuvunjika, na uanze kubandika. Tabaka moja weka gazeti, inayofuata weka karatasi nyeupe, hivyo unajua penye umeshafunika na penye bado. Tabaka tatu, unaacha ikauke, tatu tena. Ukibandika zote mara moja, nje inakauka na ndani inaoza. Aprili na Mei mvua inasumbua, Julai ni baridi tu bila jua, kwa hivyo kazi nyingi ya bakuli panga kati ya Januari na Machi. Na hizo bakuli ni za funguo, hereni, sarafu. Chakula hapana, wino wa gazeti si wa kula. Paka rangi kila mahali mpaka chini, ju mende na panya wanapenda uji ya ngano kukuliko.

Trei za mayai nazo ni zawadi yenye wengi wanatupa. Hiyo ni karatasi ilisharudishwa kuwa rojo mara nyingi, kwa hivyo ukiiloweka usiku moja inalainika yenyewe. Iponde kwa kinu, ikamue, changanya na gamu, na uko na udongo wa kufinyanga bila kulipa kitu.

Kuna upande ingine ya hii stori yenye kila mathe wa Eastlando anaijua. Tangu CBC iingie kwa gredi za chini nchi nzima Januari 2019, saa mbili usiku mtoi anakumbuka kesho anatakiwa na kitu imetengenezwa na vitu za kuokota. Mathe ametoka job, ameshuka nganya, amechoka, sasa anazunguka maduka akiomba katoni. Vijana wengi wa base wamepata doo hapo, wanamtengenezea mtoi kila kitu na asubuhi inapelekwa shule ikiwa safi kushinda ya odijo. Sikatazi mtu kutafuta riziki. Lakini ukiitwa hiyo kazi, sema utaifanya mtoi akiwa amekaa hapo, yeye akichana, yeye akipaka, wewe ukimshikia tu. Ikitoka imepinda, iende imepinda. Mathe akulipe kama mwalimu, ju hiyo ndio kazi umefanya. Mimi naona hii inaweza kuwa wera ya maana mtaani, Jumamosi mchana, watoi kumi kwa kibaraza, kila mmoja na soo yake.

Na karatasi utaipata wapi kwa wingi? Nenda kwa printa za tao, pale River Road, uulize vipande zenye zimebaki pembeni baada ya kukata. Lakini pia kuna wasee wa kuokota, na hao nataka uwaheshimu. Jaa ya Dandora ilitangazwa imejaa mwaka 2001 na malori bado zinapanda. Karatasi ikifika huko imelowa, imeshikana na mabaki ya chakula, haina kazi tena. Wenye wanaiokoa ni wale wanapita kwa ploti asubuhi na magunia. Wanachambua, nyeupe kivyake, gazeti kivyake, katoni kivyake, wanauzia mabroka kwa kilo, na nyingi inaishia viwandani kama vile vya Chandaria pale Baba Dogo, inakuwa tishu. Usiingie kwa njia yao kuokota bure chenye kinawalisha. Ongea na mmoja, umwambie unataka za kung'aa na safi, umlipe zaidi ya broka. Kila mara karatasi inarudishwa kiwandani nyuzi zake zinakatika, zinakuwa fupi, na baada ya mara tano hadi saba haziwezi tena kushikana. Bakuli yako inaisimamisha hiyo safari kwa shelfu ya mtu, miaka na miaka.

Eastlando imeshatoa watu wa kuonyesha dunia hii kitu. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa 1984, alikulia ng'ambo ya hiyo jaa ya Dandora, akatengeneza miwani na vyuma na vitu za kutupwa, na hizo miwani zimezunguka magalari za dunia. Pale Mukuru, Wajukuu Art Project ilianza 2004 na vijana wa hapo hapo, na mwaka 2022 walialikwa documenta kule Kassel, Ujerumani, moja ya maonyesho kubwa zaidi ya sanaa, wakaingia na mabati na vitu za mtaa. Hakuna mtu aliwaambia "si ni mabati tu".

Sasa jipange. Uchaguzi ni Agosti 2027, na mwaka huo mzima Eastlando itafunikwa na karatasi ya kung'aa, rangi kali pande zote, bure. Posta zenye zimebandikwa ukutani achana nazo, zinatoka na plasta. Unazotaka ni zile ndogo za kupeanwa kwa mkutano. Mkutano ukiisha Jacaranda ama Kamukunji, zimejaa chini, na ukifika kabla watu wazikanyage sana ama mvua inyeshe, unajaza gunia. Zipanguse, zilaze zikiwa zimenyooka chini ya godoro, usizikunje. Zipange kwa rangi za vyama, njano kivyake, chungwa kivyake, buluu kivyake, alafu uzikate kuanzia pembeni penye hiyo rangi imejaa. Kufika Septemba utakuwa na stoki ya kusokota hadi Krismasi, na Krismasi mkufu nayo usishushe chini ya jirongo.