Siku Moja Bukoba kwa Saa ya Ziwa

Ushauri anaopewa mtu anayekwenda kutalii mji wa nchi za joto ni uleule kila mahali: amka alfajiri, tembea kabla jua halijapanda, mchana jifiche kivulini au kwenye chumba chenye kiyoyozi, alasiri utoke tena. Dar es Salaam ushauri huo unafaa, kwa sababu jiji liko usawa wa bahari, na mwezi Februari joto la mchana hufika nyuzi 32, pamoja na unyevu unaozuia jasho kukauka. Bukoba, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Viktoria mkoani Kagera, iko karibu zaidi na ikweta kuliko Dar es Salaam, kiasi cha digrii moja na theluthi tu kusini mwake, hivyo wengi hudhani huko joto ni kali zaidi na huja na ratiba hiyohiyo. Ninashikilia kwamba ratiba hiyo humpotezea mgeni saa bora za siku yake. Anayetaka kuujua mji huu, pamoja na vijiji vinavyoanzia kando yake hadi Kamachumu na Kishanda huko Muleba, afuate saa ya Ziwa Viktoria badala ya saa ya jua.

Kwanza, joto lenyewe. Bukoba imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwaka mzima mchana wake hucheza kwenye nyuzi 25 au 26, usiku 16 au 17. Joto la namna hiyo halimlazimishi mtu kukaa ndani. Kinachoipanga siku hapa ni mvua, na mvua hiyo hutengenezwa na ziwa. Maji yaliyoenea kwenye karibu kilomita za mraba 68,000 hayapoi upesi. Usiku hubaki na uvuguvugu wakati nchi kavu inayoyazunguka imekwisha kupoa. Hewa ya baridi huteremka kutoka kila upande, Kisumu, Mwanza, Entebbe na Bukoba, ikakutane katikati ya ziwa. Ikishakutana haina pa kwenda ila juu, nayo hupanda ikiwa imebeba mvuke. Huko juu ndiko huzaliwa mawingu ya radi, na pepo za mashariki na kusini mashariki huyasukuma hadi pwani ya magharibi, yaani Kagera. Ndiyo sababu ngurumo za Bukoba husikika zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, ilhali upande wa Kisumu mvua hupendelea alasiri na jioni. Kwa mwaka mji hupata kama milimita 2,000, karibu mara mbili ya Dar es Salaam.

Jua likishapanda mambo hugeuka. Nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na anga ya ufukweni husafika. Kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi kutembea, mara nyingi huwahi kulowa. Afadhali anywe chai taratibu na atoke saa nne. Kama anataka kuvuka kwenda kisiwa cha Musira, hapo ndipo pa kuanzia, baada ya dhoruba ya alfajiri kuisha na kabla upepo wa mchana haujakuza mawimbi; dhoruba za usiku na alfajiri zimeua wavuvi wengi ziwani humu, na jaketi la kuokolea maisha si jambo la kubishania. Saa sita mchana inafaa kabisa kwa soko kuu, ambako hupatikana kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa, ambazo kwa Wahaya, wenyeji wa hapa, ni heshima ya kumkaribisha mgeni. Inafaa pia kwa kanisa kuu la Kikatoliki, alikozikwa upya mwaka 2012 Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, aliyeteuliwa mwaka 1960.

Daktari anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Jua la ikweta ni jua la ikweta. Machi na Septemba mchana husimama karibu utosini, na upepo mwanana wa ziwa humfanya mtu asihisi ngozi inavyoungua. Hilo nalikubali moja kwa moja: kofia na mikono mirefu ni lazima. Nakubali pia kwamba kuogelea kunamweka mtu kwenye hatari ya kichocho. Lakini dawa ya jua ni kofia, na dawa ya kichocho ni kutoingia majini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtaka mgeni alale mchana.

Alasiri, njia za vijijini zikiwa zimekauka, ndipo atoke mjini, kwa sababu kilicho kikubwa kuliko vyote katika eneo hili kiko huko. Barabara ya Muleba hupita kwenye migomba iliyofungamana, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni. Mara ghafla migomba hukoma na kuanza rweya, uwanda wa nyasi fupi usio na shamba. Mgeni husema watu wameacha ardhi nzuri bure. Amekosea. Udongo wa rweya ni maskini: umetokana na miamba ya mchanga, na mvua ileile ya alfajiri, kwa karne nyingi, imesomba virutubisho hadi kina ambacho mizizi haifiki. Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ndicho kilichotengenezwa. Vizazi na vizazi vilifyeka nyasi za rweya na kuzitandaza chini ya migomba, vikaongeza samadi ya ng'ombe na taka za jikoni, mpaka udongo ukawa mweusi. Kwa maneno mengine, mpaka ule kati ya kijani kizito na nyasi ni mpaka wa kazi ya watu. Ni kazi inayoweza kupotea: ng'ombe wakipungua samadi hupungua, na mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, umeonyesha jinsi kibanja kizima kinavyoweza kuanguka. Tena kibanja ni nyumbani kwa watu na ndimo wanamozika wazee wao, kwa hiyo haingiwi bila kubisha hodi.

Wengine watasema mashamba si utalii, kwamba mtalii anataka kitu cha kale cha kupiga picha. Kipo. Kusini mwa mji, huko Katuruka, simulizi za Wahaya zilishika kwamba mfalme Rugomora Mahe alijaribu kujenga mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba mahali palipotajwa na wazee, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Sifahamu hoja yenye nguvu kuliko hii ya kumsikiliza mzee wa kijiji kabla ya kufungua kitabu cha mwongozo.

Limebaki pingamizi la majira: Juni hadi Agosti mvua hupungua sana, na saa ya ziwa hulegea. Kweli, na mwenye haraka aje miezi hiyo. Mwenye hiari ya kuchagua ningempa Novemba, wakati mvua zimerudi na senene, panzi wa kuliwa, wamefuata, wakauzwa sokoni wabichi na waliokaangwa. Apange tu kutoka saa nne.