Masharti ya Mkataba: Kutoka kwa Wapagazi wa Bagamoyo hadi Kitufe cha "Nakubali"

Mapatano ya kazi katika mwambao wa Bagamoyo ni makongwe kuliko sheria yoyote ya kazi inayotumika leo nchini Tanzania, kwa kuwa katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikienda na kurudi kwa njia ya Tabora na Ujiji, maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipatana na matajiri kuhusu mzigo, ujira na posho kabla ya safari kuanza. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 30. Posho, yaani chakula cha kila siku, ilipimwa kwa kibaba cha nafaka au ilitolewa kwa nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Na sehemu ya ujira ililipwa mapema, ndiyo maana kila tajiri aliogopa wapagazi kutoroka baada ya kushika arubuni. Kazi ya kuwatafuta watu hao ilikuwa na mawakala wake, na aliyevuma zaidi Bagamoyo alikuwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897.

Masharti yanayofahamika vizuri ni ya msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, alitakiwa awatendee watu wake kwa upole, awape dawa wanaougua, na atakayeshindwa kuendelea amwache mahali palipo salama kwa maisha na uhuru wake, pamoja na nguo au shanga za kumlipa mganga. Nao wakaahidi utii na kutomkimbia wakati wa shida. Sharti la uhuru lastahili kuangaliwa kwa makini, kwani mgonjwa aliyeachwa ovyo njiani zama hizo aliweza kukamatwa na kuuzwa, na waliolidai walijua barabara wanachokiogopa. Hata hivyo mapatano hayo hayafai kupambwa: huko bara hapakuwa na baraza la kumshtakia tajiri, fimbo ilikuwa mkononi mwake, mpagazi alibakiwa na silaha moja tu ya kutoroka, na waliofika mwisho wa safari ile hawakufikia nusu ya walioianza.

Udhaifu huo ndio ulioshughulikiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri, awe na hoteli ya ufukweni au shamba la miwa, ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Na mwajiriwa asipoyaelewa, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Lililo zito zaidi ni kwamba kesi ikifunguliwa na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Kwa hiyo mfanyakazi asiye na karatasi mkononi si mtu asiye na haki, ingawa wengi wamezoea kuaminishwa hivyo. Tena sahihi haihalalishi kila kitu: saa za kawaida haziwezi kuzidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Katika mikataba inayokubaliwa kwa simu za mkononi hali ni ngumu zaidi. Maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa", ambayo redioni husomwa kwa kasi isiyomsaidia msikilizaji yeyote, hurejelea mkataba ulioandaliwa na upande mmoja, ambao mtumiaji huukubali wote au huukosa wote. Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inaeleza ridhaa kuwa ni watu kukubaliana juu ya jambo moja kwa maana ileile, na ni vigumu kuona maana ileile inapatikanaje katika kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria zinazomalizwa kwa kubonyeza mara moja. Baadhi ya programu za mikopo zilichukua ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa katika simu, kisha mkopaji alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha ukatumwa kwa jamaa na wakuu wake wa kazi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamruhusu mtu kuondoa ridhaa aliyoitoa.

Haki hizi zina mahali pa kudaiwa, na nyingine zina ukomo wa muda. Malalamiko kuhusu taarifa binafsi hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilhali mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, akieleza sababu za kuchelewa kwake.